Kusomea mitazamo ya watu kuhusu mimea vamizi, kuna kazi kweli huku Kaskazini?

Binti wa Rau

Habari wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri maana hili jambo limeshaleta mvutano nyumbani mpaka mama kaamua kunyamaza tu.

Nimemaliza digrii ya usimamizi wa wanyamapori mwaka jana, nipo Moshi kwa sasa namsaidia mama dukani. Wakati wa field nilikaa wiki sita kule Kahe na timu iliyokuwa inapima mrashia, wale msioujua ni ule mti wa miiba uliotoka Amerika ambao wataalamu wanauita Prosopis, umeshika kuanzia Kahe mpaka Mwanga na Simanjiro huko. Kazi yangu ilikuwa kushika tepu na kuhesabu mashina ndani ya ploti, basi. Sasa kuna nyumba moja tulikuta mrashia mkubwa katikati ya uwanja wake, na lile eneo lilishasafishwa na mradi miaka ya nyuma, kwa hiyo kiongozi wetu akaandika "umeota upya" tukasonga. Mimi nikabaki nyuma naomba maji ya kunywa nikamuuliza yule mama mbona huu haukukatwa, akanambia haujaota upya mwanangu, huu niliwaomba wauache, ndo kivuli changu cha kuchemshia maharage ya kuuza, wakiukata nakaa wapi? Na hapo hapo akanionyesha kovu la mwiba wa mti huo huo mguuni, anasema aliugua wiki tatu.

Toka siku ile sijakaa sawa. Kwenye fomu yetu hapakuwa na sehemu ya kuandika maneno ya yule mama, na kilichoandikwa siyo kweli, na mtu akija kuisoma ile data atasema dawa au ukataji umeshindwa kumbe mti uliachwa kwa makubaliano. Nikaanza kusoma usiku nikagundua kuna watu duniani kazi yao ni hiyo, kuchunguza watu wanaonaje hawa viumbe vamizi na njia za kuwaondoa, na kwa nini miradi inakubalika sehemu moja na kukataliwa nyingine. Nataka nisome masta kwenye hilo.

Baba anataka nikasome mambo ya forodha. Baba mdogo ambaye ndo angenisaidia ada kasema kuuliza watu wanaonaje magugu siyo kazi, ni kibarua cha wiki mbili kama karani wa sensa. Nashindwa kumjibu kwa sababu simjui hata mtu mmoja anayeifanya. Kwa hiyo nauliza, kazi yenyewe ipo? Inasomewa wapi? Na je nitakuwa nimetupa biolojia yangu yote? Naombeni majibu ya kweli hata kama yanauma.

---

Mtafiti Tengeru

Marahaba mdogo wangu. Umegusa kazi yangu kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Kazi ipo ila haiitwi hivyo kwenye tangazo. Hutakuta tangazo limeandikwa "anatakiwa mtafiti wa mitazamo ya watu kuhusu mimea vamizi", utakuta "mtaalamu wa sayansi ya jamii", "afisa ufuatiliaji na tathmini", "mshauri wa ushirikishwaji jamii", "mtafiti msaidizi", na ndani ya hizo ndo kazi yako inakaa. TANAPA wana Ujirani Mwema, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wako hapo Njiro, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu wako Ngaramtoni, CABI, shirika la kimataifa la kilimo na mazingira, wana ofisi Nairobi na wanafanya sana mambo ya magugu Afrika Mashariki, halafu kuna vyuo na mashirika. Mimi nilianza kama mkusanya data wa kulipwa kwa siku, leo ndo naandika madodoso yenyewe.

Na mwambie baba mdogo siyo kitu cha jana. Marekani kuna profesa wa Yale, Stephen Kellert, miaka ya 1970 mwishoni alifanya utafiti wa nchi nzima kuhusu Wamarekani wanavyowaona wanyamapori, na waliougharamia ni idara yao ya serikali ya samaki na wanyamapori, maana walishaona wanafanya maamuzi bila kujua wananchi wanawaza nini. Toka 1996 kuna jarida la kitaaluma la masuala hayo tu. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Stellenbosch kina kituo cha biolojia ya viumbe vamizi tangu 2004, na humo ndani wapo watu wa jamii wanafanya kazi meza moja na watu wa mimea. Mwaka 2023 ilitoka ripoti kubwa ya IPBES, jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, ikasema hasara ya viumbe vamizi duniani inazidi dola bilioni 423 kwa mwaka, na ripoti hiyo hiyo imeandika kwamba kushirikisha wenyeji kunasaidia kazi ya kuwadhibiti ifanikiwe.

Kuna kisa cha Italia nawapaga wanafunzi. Kindi wa kijivu wa Amerika waliachiwa kaskazini mwa Italia mwaka 1948, wakaanza kuwafukuza kindi wekundu wa kwao. Mwaka 1997 watafiti wakaanza kuwatega na kuwaua wakati bado wako eneo dogo, wangeweza kuwamaliza kabisa. Watu wa haki za wanyama wakaenda mahakamani, kazi ikasimama, kesi ikachukua miaka mpaka watafiti wakashinda mwaka 2000, lakini kindi hawakusubiri hukumu, walishasambaa na kuwamaliza haikuwezekana tena. Sayansi ya kindi ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema, hivi watu watalipokeaje hili la kuua kindi?

Sasa nikuambie ugumu ulipo, maana watu wanadhani ni kuuliza tu. Dodoso langu la kwanza la mrashia lilikuwa na swali "Je, unakubali mrashia uondolewe kijijini kwako?" Karibu kila mtu akajibu ndiyo. Nikafurahi, nikaandika. Jioni nimekaa kwenye kibanda cha chai namuona mzee mmoja kati ya walionijibu ndiyo anapakia magunia ya mkaa wa mrashia kwenye pikipiki, biashara anayoitegemea. Hakunidanganya. Sisi tulifika na gari la mradi lenye picha ya mti umepigwa alama nyekundu ubavuni, yule mzee alikuwa analijibu gari. Nikatupa swali lile. Siku hizi natenganisha, mti wenyewe unauonaje, ukiondolewa utaonaje, ukiondolewa kwa shoka au kwa dawa au kwa kuletewa wadudu wa kuula utaonaje, na ikiuondoa serikali au mradi au ninyi wenyewe utaonaje. Mtu mmoja anaweza kuchukia mti na kuogopa dawa zaidi ya anavyouchukia mti. Na neno "vamizi" silitamki kabla mtu hajamaliza kuongea, maana ukishasema mti vamizi umeshamfundisha jibu. Natumia jina la kwao tu.

Halafu wanaume na wanawake ongea nao mbalimbali. Yule mama wa kivuli, kama mumewe angekuwa amekaa pembeni, ungesikia habari za malisho tu na maharage usingeyasikia.

Biolojia usiitupe. Ndo itakayokutofautisha na mtu wa sosholojia asiyejua kwamba mrashia ukikatwa juu juu unachipua kwenye kisiki, au kwamba mbuzi akila maganda yake anazisambaza mbegu kwenye kinyesi. Mkulima akikuambia "tulikata ukarudi" unatakiwa ujue anaongelea nini ndo uweze kuuliza swali la pili.

---

Kijana wa Sakina

Mimi nitakuambia upande mwingine dada, na siyo kwa nia mbaya.

Nimesoma sosholojia, nina miaka minne mtaani nafanya hizi hizi kazi za data. Mkataba miezi mitatu, unakaa nyumbani miezi mitano, mkataba mwezi mmoja. Hakuna bima, hakuna mchango wa NSSF, na kuna shirika moja (silitaji) lilinikata posho ya siku sita kwa madai kwamba madodoso yangu yalichelewa kupanda kwenye mtandao wakati tulipokuwa hakukuwa na mnara hata wa kupigia simu. Naipenda kazi, kukaa na wazee na kusikia mambo ambayo hayapo kwenye kitabu chochote napenda mno, lakini mapenzi hayalipi kodi ya nyumba Sakina.

Kwa hiyo ukienda, nenda na ujuzi wa pili mkononi. Jifunze kuchakata data mwenyewe, R, ile programu ya takwimu, ni ya bure, KoboToolbox ya kukusanyia kwenye simu ina huduma ya bure pia, jifunze kuyachambua mahojiano siyo kuyanukuu tu. Wakusanya data ni wengi mno, kwenye usaili unakuta watu mia wanagombea nafasi kumi. Anayeweza kukaa na ile data akatoa ripoti iliyonyooka ndo anayebaki ofisini wakati sisi tunarudishwa na Noah.

---

Bwana Shamba Arumeru

Nachangia kama mtu wa ugani, hiyo masta sina.

Nilichojifunza mimi, watu hawachukii kiumbe kwa sababu kimetoka nje. Wanakichukia kikigusa mfuko au mwili. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, alipoingia 2014 hakuna aliyehitaji semina, mtu anaamka nyanya zote zina matundu, ananifuata mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi. Lakini gugu karoti limeonekana Arusha tangu 2010, limejaa pembeni ya barabara kuanzia Kisongo, majani mazuri kama karoti kweli na viua vyeupe vidogo, na watu wanapita tu. Niliitisha kikao wakaja watu wachache tu, nikaongea habari za mbegu, kwamba mmea mmoja unaweza kutoa mbegu elfu kumi na zaidi, wakaniangalia. Siku nyingine mama mmoja akasimama akasema ng'ombe wangu akila hili maziwa yanakuwa machungu mteja ananirudishia. Ukumbi wote ukageuka. Wiki ile ile wakaanza kung'oa, nikawa na kazi ya kuwaambia wavae glovu maana linawasha na linaleta vipele na kifua kwa wengine, na wang'oe kabla halijatoa maua.

Sasa mimi ningekuwa na mtu kama wewe kabla ya kile kikao cha kwanza, anayejua kwamba hapa kinachowauma watu ni maziwa, nisingepoteza miezi naongelea mbegu. Ofisini hatuna mtu huyo. Tuna wa mifugo, tuna wa mazao, tuna wa maendeleo ya jamii ambaye kazi yake imejaa vikundi na mikopo.

Na kuna viumbe ambavyo watu wanavipenda, hapo ndo kibarua kigumu. Sangara aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, amemaliza aina nyingi sana za furu, wale samaki wadogo wa asili, lakini nenda Mwanza kawaambie watu sangara ni mvamizi aondolewe uone. Hiyo hapo mjini kwenu Moshi, jakaranda zikichanua Oktoba kila mtu anapiga picha, nao ni mti wa Amerika Kusini. Afrika Kusini sheria yao inautambua jakaranda kama vamizi lakini ile iliyopo mjini Pretoria imeachwa isimame, maana mji wenyewe unajulikana kwa miti hiyo, watu wasingekubali. Huo ni uamuzi uliotokana na kujua watu wanapenda nini.

---

Ole wa Simanjiro

Dada yangu salama. Mimi ni mfugaji, nimesoma mpaka kidato cha nne, naandika kwa simu kwa hiyo vumilia.

Hawa watu wa madodoso wamefika kwetu mara nyingi. Mara ya kwanza tuliwachinjia mbuzi. Siku hizi wakija vijana wanaingia porini na ng'ombe wanabaki wazee tu na watoto, kwa sababu tumeulizwa tumejibu hakuna aliyerudi kutuambia majibu yetu yalienda wapi. Mtu anakuuliza una ng'ombe wangapi, hilo swali kwetu halina adabu hata kidogo, halafu anaondoka na namba hiyo na wewe hujui ataipeleka kwa nani.

Habari ya mrashia kwetu haina jibu moja. Wakati wa kiangazi kikali maganda yake yanaokoa mbuzi, kivuli kipo, kuni zipo, kina yeyo, yaani mama zetu, hawaendi mbali tena. Lakini umefunga njia za kwenda mtoni, mwiba unaingia kwenye kwato ng'ombe analala chini, tairi za pikipiki ndo usiseme, na mbuzi akiyala hayo maganda sana yana sukari meno yanaharibika anakufa njaa ana majani mbele yake. Wenzetu wa Baringo Kenya mti huu waliletewa na mradi miaka ya 1980, mwaka 2006 walikwenda mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno ili jaji ajionee. Hiyo habari tuliisikia huku, wazee waliipenda sana.

Hapa kwetu wazee wanataka uishe wote kwa sababu wanakumbuka nyasi zilivyokuwa. Vijana wengi wanauza mkaa, na kijana wa miaka ishirini na mbili hajawahi kuziona hizo nyasi, anaona mzee anaota. Ukija ukauliza mwenyekiti peke yake utaandika kijiji kinataka uondolewe. Ukikaa kisimani asubuhi utaandika kingine kabisa.

Soma dada. Ila ukimaliza rudi. Hata kwa karatasi moja, hata usimame mnadani dakika kumi useme mlisema hivi na hivi, niliowapelekea majibu yenu wakasema hivi. Utakuwa wa kwanza.

---

Binti wa Rau

Wakuu mmenifanya nisome hapa dukani mpaka wateja wanagonga meza. Asanteni sana.

Kaka Ole, hilo la kuuliza idadi ya ng'ombe sisi tuliliuliza, lilikuwepo kwenye fomu ya kaya. Nimeona aibu kweli. Nakuahidi nitarudi.

Kaka wa Sakina, pole kwa posho, na nimekusikia, R nimeshaipakua. Nimuulize tena kaka wa Tengeru, nikitaka kuanza mwaka ujao naanzia wapi hasa? Na lugha inakuwaje, Kimaasai sijui, Kipare naelewa kidogo kwa bibi.

---

Mtafiti Tengeru

Kaka Ole amesema yote, mimi ningekuwa na uwezo hiyo aya ya mwisho ningeibandika kwenye mlango wa kila ofisi ya utafiti Arusha. Nami ninavyo vijiji viwili sijarudi, na nitaenda.

Kuhusu kuanza. Kwa hapa karibu una Taasisi ya Nelson Mandela Tengeru, masta zao za mazingira na bioanuwai zinapokea watu wa wanyamapori kama wewe, na hapo kuna watu waliofanya kazi za magugu mpaka ndani ya kreta ya Ngorongoro. Morogoro kuna SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, nao wamefanya mengi kwenye huu mrashia wa huku kwetu. Lakini usichague chuo kabla hujachagua msimamizi. Tafuta maandiko yaliyotoka kuhusu mrashia Tanzania, angalia nani ameandika sehemu ya watu siyo ya mti tu, mwandikie barua pepe fupi umweleze habari ya ule mti wa uwanjani ulioandikwa umeota upya. Usianze na "natafuta skolashipu", anza na huo mti. Hilo ni swali la utafiti lililokamilika kabisa, ni mingapi kati ya inayohesabiwa kuwa imerudi kumbe iliachwa, na iliachwa na nani, kwa sababu gani. Mimi sijawahi kuona mtu amelifanya.

Ada, angalia DAAD, shirika la Ujerumani, wana ufadhili wa kusomea humu humu Afrika, angalia na ufadhili wa Commonwealth, Jumuiya ya Madola. Pesa ya kazi ya uwandani, mfuko wa Rufford wa Uingereza wanatoa ruzuku ndogo kwa watu wanaoanza kwenye uhifadhi na fomu yao haitishi.

Lugha, usijifanye. Tafuta mkalimani mwanamke kwa ajili ya kina mama na mkalimani kijana kwa ajili ya vijana, walipe vizuri, na kabla ya kwenda kaeni pamoja mtafsiri dodoso kwenda Kimaasai, halafu mtu mwingine ambaye hajaliona alirudishe Kiswahili. Mimi swali langu la "kudhibiti" lilirudi likiwa "kufunga kamba". Tulilifanyia kazi nusu siku.

Vibali anza mapema. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ukigusa wanyama au hifadhi na TAWIRI, halafu mkoa, halmashauri, kata, kijiji, kila ngazi na barua yake. Usiruke hata mwenyekiti wa kitongoji.

Na huyo baba mdogo, usimpigie simu. Mpeleke Kahe siku moja akae kwenye kile kivuli.

---

Binti wa Rau

Baba mdogo kakubali, ila kasema anakuja kwa sababu ya samaki wa Nyumba ya Mungu tutapitia kununua wakati wa kurudi. Tunaenda Jumamosi. Nimemtafuta yule mama kupitia kwa mtendaji, bado anachemsha maharage pale pale, na mti upo.

---

Bwana Shamba Arumeru

Safi sana binti. Vaeni viatu vya soli ngumu, siyo raba.